Fidla Katika Matanga ya Mzee Marcelino

Siku ya kwanza Mwalimu Fridolin alipokuja mazoezini kwetu, mkono mmoja alishika sanduku jeusi la fidla na mkono wa pili chuma chembamba chenye miguu mitatu. Lukelo, mpiga ngoma wetu, akamuuliza kama televisheni yenyewe iko njiani, maana antena tumeshaiona. Kumbe kile chuma kilikuwa cha kuwekea karatasi za muziki. Mwalimu alikifungua katikati ya ukumbi, juu ya pumba zilizokuwa zikipeperuka kutoka mashine ya kukoboa mpunga ya jirani, akapanga karatasi zake, akasimama wima, kisha akatuuliza kwa upole tunaanzia ukurasa wa ngapi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi kicheko sijui kukificha, na wanaonijua hapa Ifakara wameshanizoea.

Jina langu ni Digna. Mwaka huo, tisini na sita, mchana nilikuwa nashona sare za shule, na Jumamosi jioni nilikuwa mwimbaji wa Lumemo Jazi. Bendi yetu haikuwa kubwa. Gaudensi alipiga gitaa la solo na ndiye aliyekuwa kiongozi. Lukelo, Mhehe mwenye mdomo usio na breki, alikaa kwenye ngoma. Kulikuwa na mtu wa besi na mtu wa gitaa la kati, wote wawili wanajua kazi yao na hawana maneno. Aliyekuwa hayupo ni mtu wa kunijibu.

Hapo nieleze. Katika nyimbo zetu mwimbaji hatembei peke yake. Ninaimba mstari mmoja, ninanyamaza, na katika ule ukimya saksafoni inanijibu. Kwa miaka mingi aliyenijibu alikuwa Mzee Marcelino, Mpogoro wa Mahenge, aliyejifunza kupuliza akiwa kijana kule kwenye mashamba ya miwa na baadaye akaja kuianzisha bendi hii. Nikiimba kwamba mume ameniacha, yeye na lile domo la bata lake, ndivyo tulivyoiita saksafoni, ananijibu kwamba mume mwenyewe alikuwa mzigo, shukuru Mungu. Jumamosi inayofuata, wimbo uleule, mstari uleule, ananipa pole mpaka machozi yananilenga. Sikuwahi kujua atasema nini. Niseme ukweli, ndiyo sababu nilikuwa naimba.

Kisha akaanguka na baiskeli njia ya Mofu, gunia la mpunga nyuma yake, akapoteza meno mawili ya mbele ya juu. Saksafoni bila meno ya juu hailii, upepo unatoroka. Akatengenezewa meno ya bandia. Jumamosi ya kwanza aliyoyavaa, katikati ya wimbo, yalichomoka yakaenda kuangukia miguuni kwa mama mmoja aliyekuwa anacheza, naye akapiga kelele akidhani ni mdudu. Watu walicheka wiki nzima. Toka hapo Mzee hakupuliza tena, na alipozungumza aliweka kiganja mdomoni. Lakini kila mazoezi alikuja, akakaa dirishani na kofia yake ya pama, akasikiliza.

Nafasi yake aliijaza Gaudensi kwa gitaa. Gaudensi ni fundi, simsemi vibaya, lakini alinijibu kitu kilekile kila siku, kama mtu anayeitikia "ee" huku anasoma gazeti. Mwenyewe alilijua hilo. Alikuwa ameanza kuulizia kinanda cha umeme, kile ambacho ukibonyeza kidude kinatoa sauti ya tarumbeta, ukibonyeza kingine kinatoa saksafoni. Mzee Marcelino aliposikia habari hiyo alisema neno moja tu, "Hapana," na katika bendi ile hapana ya Marcelino ilikuwa hapana. Hakuna ambaye angeshika nafasi yake bila kauli yake.

Sasa turudi kwa Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa miaka kama ishirini na sita, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alisoma seminari, na huko padri mmoja alimfundisha fidla miaka minane. Upadri haukumfika, fidla ikabaki. Kwenye misa za sikukuu alikuwa akipiga mambo ya akina baba wa Ulaya waliokufa zamani, safi kabisa, hakuna nota iliyokosewa. Mimi nilikuwa namsikia kutoka benchi la akina mama na kujiuliza: hivi huyu anafurahi?

"Umefuata nini kwetu, Mwalimu?" nilimuuliza siku ile ya antena. "Sisi hatuna ukurasa."

Badala ya kujibu alitoa kanda mfukoni. Alisema aliipata kwa yule padri. Padri alikuwa akiisikiliza peke yake, na alipoulizwa ni nini akasema ni jazi ya Wamarekani, na kwamba yeye mwenyewe hajui inafanywaje. Fridolin akaiomba. Gaudensi akaitia kwenye redio kaseti, na ikatoka fidla. Lakini ilikuwa fidla inayocheka. Ilikuwa inakimbia, inasimama, inateleza makusudi, inarudi nyuma kama aliyesahau kitu. Nyuma yake gitaa linachapa mdundo.

"Nimeandika nota zake zote," Fridolin alisema. "Nimezipiga zote. Kwangu haicheki. Nikaona pale kwenye ngoma yenu mmeandika Jazi. Nikasema nije niulize."

Gaudensi alianza kumweleza kwamba jazi ya kwetu ni jina tu la dansi, haina undugu na ya Wamarekani. Mzee Marcelino alimkatiza kutoka dirishani, kiganja mdomoni.

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Huyu anaongea na mtu."

"Na nani, mzee?" Fridolin akauliza.

"Na huyo mwenye gitaa. Sikia. Kauliza. Haya, kajibiwa. Jibu hajalipenda. Anauliza tena kwa njia nyingine."

Tulisikiliza. Mimi Kiingereza sijui, Amerika sijui, lakini jambo lile nilikuwa nalijua vizuri kuliko jina langu. Mwalimu alikuwa amekodoa macho.

"Miaka minne nimeisikiliza hii kanda," alisema. "Nilidhani ni mtu mmoja anayejua sana."

Mzee alimwita karibu na dirisha. Kisha akatoa kauli: akae, ajifunze. Siku ya dansi la mavuno, mpunga ukishaingia ndani, kama ataweza kumjibu Digna, nafasi ni yake. Akishindwa, Gaudensi akalete kinanda chake, na yeye Marcelino atakaa kwake Lumemo alee kuku.

Basi Mwalimu akaanza kujifunza, na kujifunza kwake kulikuwa ni kuuliza. Sijawahi kuona mtu anayeuliza vile. Alimuuliza Lukelo kwa nini fimbo ya kushoto inachelewa, na Lukelo, ambaye hakuwa anajua kama inachelewa, akakosa usingizi. Alimuuliza Mzee Marcelino: "Shikamoo mzee. Ule wimbo wa kivuko, ulipojibu ule mstari wa pili, ulikuwa kwenye nota gani?"

"Nilikuwa hapahapa Ifakara," Mzee akamjibu.

Akaniuliza na mimi. "Dada Digna, kabla ya mstari wa tatu unapumua wapi?"

"Puani," nikamwambia, "kama wakristo wengine."

Lakini swali lilinibaki. Nilikwenda nalo nyumbani, nikawa naimba kwenye cherehani huku nikijichungulia pumzi yangu. Nikagundua kwamba kabla ya mstari wa tatu huwa sipumui kabisa, pumzi ninaiiba kutoka mwisho wa mstari wa pili. Miaka yote hiyo nilikuwa nafanya wizi bila kujua. Jumamosi ile niliimba vibaya kwa sababu ya kujua, na iliyofuata nikaimba vizuri kuliko zamani. Nikaanza kumfuata Mwalimu na maswali yangu. Vile vijiharage vyeusi vyenye mikia ni nini? Akaniandikia wimbo wangu mwenyewe kwenye karatasi, akanionyesha mahali ninapopanda na mahali ninapodondoka. Niliigeuza ile karatasi huku na huku. Ilikuwa ajabu kuiona sauti yangu imekaa kimya vile, na nikamuuliza machozi yako kijiharage gani. Akasema hilo hata yeye anatafuta.

Nilianza kumpenda yule kijana. Simaanishi mapenzi, naomba nieleweke. Nilipenda akili yake isiyotulia.

Shida ilikuwa moja. Ukimwondolea karatasi, anakufa. Gaudensi alikuwa akimwambia, "Haya, jibu," nami naimba mstari, nanyamaza, na Mwalimu anasimama na upinde hewani, macho kama ng'ombe aliyefikishwa mtoni. Baadaye anapiga kitu. Kitu chenyewe ni sahihi, kimepanda ngazi, kimeshuka ngazi, kimepiga goti. Hakuna alichosema.

"Usiogope kukosea," Mzee Marcelino alimwambia.

"Siogopi, mzee. Nataka tu kujua kitu sahihi ni kipi."

Mzee alicheka nyuma ya kiganja, akatikisa kichwa. Mimi nilihesabu miezi kichwani. Mpunga ulikuwa umeshachanua.

Kisha Mwalimu akapata dawa yake, dawa ya mtu aliyesoma. Gaudensi alikuwa na kanda ya zamani ambayo shabiki mmoja aliirekodi ukumbini, siku za Mzee na meno yake yote. Mwalimu akaiazima. Tukawa tunamwona mazoezini anapiga kidogo kidogo tu, kama anayeficha jambo. Watoto wa jirani yake wakasema kila jioni anarudisha kanda nyuma, anarudisha nyuma, mpaka redio inakohoa.

Jumamosi ya dansi la mavuno watu walijaa. Walitoka Mofu, walitoka Mngeta na baiskeli zao, wengine wamelipa kiingilio kwa mpunga. Mzee Marcelino alikuwa dirishani, kavaa koti. Mwalimu alikuja bila karatasi. Bila antena. Nikamwambia Lukelo, leo kuna jambo.

Niliimba mstari wa kwanza wa wimbo wa kivuko. Nikanyamaza. Fidla ikajibu, na vinyweleo vikanisimama, kwa sababu aliyejibu alikuwa Mzee Marcelino. Alikuwa yeye mzimamzima: kule kuanza kwa kuburuta, kule kukata katikati ili ameze mate, ule mlio wa kukwaruza saksafoni ilipolowa. Hata lile kosa lake la siku ile ya kanda, alipoingia mapema akaligeuza kuwa mzaha, nalo lilikuwepo, limeingia mapema palepale. Watu walipiga mayowe. Na mimi, nisijifanye mtakatifu, nilifurahi. Nilidhani nimerudishiwa mtu wangu.

Lukelo naye alisikia, na mdomo wake ukatangulia akili. Kwetu, mtu akifa, mtani wake huja msibani akavaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa na kugomba kama yeye, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Ni haki yake na hakuna wa kumkataza. Mhehe na Mpogoro ni watani. Lukelo akatupa fimbo za ngoma, akamvua Mzee kofia, akaivaa, akanyakua mwiko wa mama ntilie akauweka mdomoni kama saksafoni, akaanza kuzunguka ukumbi kwa ule mwendo wa Mzee wa kutupa mguu mmoja pembeni, analia: "Marcelino weee! Umetuachia nani! Marehemu alikuwa mtu wa watu!" Akina mama wakadakia kilio cha uongo, kanga vichwani. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mzee Marcelino alicheka pia, maana mtani hanuniwi. Ila nilimwona alivyocheka. Kiganja hakikutoka mdomoni, na juu ya kiganja macho hayakuwepo kwenye kicheko. Angeweza kuyamaliza hapo. Lakini Mwalimu, macho yamefumbwa, hasikii lolote isipokuwa kanda iliyomo kichwani mwake, akaendelea na jibu la pili, Marcelino mtupu, hakuna kilichopungua. Mzee akasimama, akapita katikati ya watu wanaomlilia, akatoka kichwa wazi.

Mazoezi yaliyofuata dirisha lilikuwa tupu. Gaudensi akaenda Lumemo kumwita. Akarudi na jibu: "Mmeshanizika. Maiti haji mazoezini." Mwalimu akaenda mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama Tekla, mke wa Mzee, alimpokea vizuri, akampa maji, akamwambia kwa huzuni kwamba mzee anasema yeye ni marehemu na marehemu hapokei wageni. Ndani alisikika akikohoa.

Mwalimu akaja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, sanduku la fidla magotini.

"Dada Digna, nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote," nikamwambia. "Ndiyo maana."

"Nilitaka kumheshimu. Seminari tulifundishwa hivyo. Ukimpiga mtu kama alivyo, bila kuongeza lako, umemheshimu."

"Hao mliokuwa mnawapiga walikuwa hai?"

Alilifungua sanduku, akaitazama fidla, akalifunga.

"Hata mila ya utani naijua," alisema baadaye. "Baba yangu alizikwa hivyohivyo. Sikudhani inafika mpaka kwenye muziki."

Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namwonea huruma, na vyote viwili niliviweka kwenye kitambaa nikashona mkono wa shati kwenye mfuko. Kwa sababu mambo yalikuwa wazi. Bila kauli ya Mzee, Mwalimu hana nafasi, atarudi kwa baba zake wa Ulaya. Gaudensi angeleta kinanda, na mimi ningejibiwa na kidude cha kubonyeza mpaka uzee wangu. Na Mzee angekaa kwake akijihesabu amekufa, mtu ambaye bado ana nguvu za kupanda baiskeli.

Aliyepata njia ni yuleyule aliyeharibu. Lukelo hakuwa amelala vizuri tangu siku ile, nilimwona, ingawa alikuwa anazunguka mjini na ile kofia kichwani.

"Kamwombe msamaha," nilimwambia.

"Mtani haombi msamaha, Digna. Mtani anamaliza alichokianza. Si tumemzika? Basi matanga hayajaanuliwa. Jumapili tunakwenda kuyaanua."

Jumapili baada ya misa tukaenda Lumemo kundi zima. Lukelo mbele, kofia kichwani, mkeka begani, majogoo wawili mkononi. Mimi na wenzangu tulibeba mchele mpya na sufuria. Tulipofika uani kwa Mzee, Lukelo alitandika mkeka mlangoni, akajitupa juu yake, akaangua kilio ambacho nadhani walikisikia mpaka stesheni ya Tazara. Majirani wakaanza kutoka. Wengine walikuja mbio kwelikweli, wameshika viuno.

Mlango ukafunguka. Mzee Marcelino akatoka na fulana, amechafukwa.

"Mhehe, toka kwangu! Mbwa wangu nimeshamficha, huna cha kula hapa." Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa.

"Jamani, marehemu anaongea," Lukelo akawaambia majirani. "Marehemu hana sauti."

"Ninayo!"

"Basi itunze, utaitumia zamu yako ikifika. Mama Tekla, karibisha wageni wako. Tumekuja kuanua matanga."

Mama Tekla, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye akili kuliko sote, aliingia jikoni akatoka na kisu cha kuchinjia. Mzee akabaki amesimama. Angemfukuza mtu mwingine yeyote, lakini mtani akija kwa jambo la msiba hafukuzwi. Akakaa kwenye kigoda, amenuna, marehemu wa kwanza niliyemwona ananusa harufu ya wali wake mwenyewe.

Chakula kikaiva, tukapakuliwa. Ndipo Lukelo akasimama kuongoza maneno, kama inavyofanywa, kila mmoja aeleze alivyomjua marehemu. Akaanza yeye. Akasema marehemu aliwahi kuiba bata wa misheni akamficha ndani ya saksafoni, na ndiyo maana ikawa inalia vile.

"Uongo!" Mzee akasema.

Mama Tekla akasema marehemu alikuwa anakoroma kwa sauti mbili, ya kwanza na ya pili, na kwamba sasa atalala kwa amani. Watu wakacheka. Mzee akasema, "Hata wewe?" Kiganja kilikuwa mdomoni, lakini kona ya jicho lake ilikuwa imeanza kulegea. Gaudensi akasema la kwake. Majirani wakasema ya kwao.

"Na Mwalimu?" Lukelo akauliza. "Mwalimu hana maneno, tunamjua. Aseme kwa hilo zeze lake la Kizungu."

Fridolin alitoa fidla taratibu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, akimwiga tena, tumekwisha.

Alianza chini kabisa, kwa uzi mzito. Ilikuwa kitu kifupi, kizito, kimepinda kidogo. Hakikuwa cha kwenye kanda. Hakikuwa cha akina baba wa Ulaya. Kilisikika kama mtu aliyekaa mahali muda mrefu anatazama wenzake wanafanya kazi yake. Nikajua anamsema Mzee wa dirishani, yule aliyemjua yeye mwenyewe, si yule wa zamani wa kwenye kanda.

"Siyo," Mzee akasema. "Sikuwa na huzuni hivyo." Na kabla hajajizuia akamwonyesha. Alitoa kwa mdomo, fuu-fa-fuu, na pale penye pengo la meno upepo ukatoka na mluzi. Akashtuka, akarudisha kiganja.

Mwanafunzi mzuri angeirudia ile fuu-fa-fuu. Fridolin niliyemjua angeirudia hata na mluzi wake. Aliinua upinde, akasita, kisha akapiga kitu kingine kabisa, kifupi, cha kubisha. Fidla ilisema: ulikuwa nayo, nilikuona.

"Siyo!" Mzee akasema, na safari hii kiganja kilibaki gotini. Akaimba jibu lake, refu, lenye hasira, na mluzi katikati. Fidla ikamkatiza. Mzee akamkatiza aliyemkatiza. Lukelo akaanza kugonga sufuria kwa vidole, polepole, mkono wa kushoto ukichelewa. Majirani walikuwa wameshika mapaja ya kuku hewani, hakuna anayetafuna. Mzee akasema mlinitoa ukumbini. Fidla ikasema uliondoka mwenyewe. Mzee akasema kofia yangu mlibaki nayo, na fidla ikacheka, naapa ilicheka, iliteleza kutoka juu mpaka chini kama mtu aliyeshindwa kujizuia.

Halafu Fridolin akakosea. Kidole kilikwenda pasipo pake, ikatoka sauti mbaya, chungu, kila mtu aliisikia. Niliona uso wake ukikauka. Nilijua desturi yake: angesimama, angeomba radhi, angeanza tena tangu mwanzo. Hakusimama. Alibaki juu ya ile sauti mbaya, akaisukuma, akaivuta, akaipandisha nusu, mpaka ikageuka kuwa swali. Akaliacha swali hapo juu, wazi, upinde umetulia hewani.

Mzee Marcelino hakulijibu. Alikuwa amenyamaza, mdomo wazi, pengo lake nje mbele za watu, na hakuonekana kukumbuka kwamba analo. Sufuria la Lukelo liliendelea kulia. Na mimi, tonge la wali mdomoni, nilifanya nilivyofanya miaka yote wimbo ukifika mahali kama pale. Nilimgeukia Mzee, kumsubiri.

Yeye akanikunjia uso.

"Digna, unanitazama mimi? Mwenzio kakuuliza."

Nikameza wali, nikaimba.